Safari ya Kwanza Nje ya Lami: Jinsi ya Kujiandaa Kwenda Ziwa Natron kwa Gari Lako

Ukifika Mto wa Mbu ukitokea Arusha, wengi hunyoosha wakapanda Karatu na Ngorongoro. Wewe unakunja kulia. Lami unaiacha mgongoni, ukingo wa Bonde la Ufa unakaa kushoto kwako kama ukuta, na mbele kuna kama kilomita 120 za vumbi, changarawe, mchanga wa volkano na makorongo hadi kijiji cha Ngare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Ndiyo njia ninayowapeleka rafiki zangu wanaotaka kuonja kuendesha nje ya lami. Ina kidogo cha kila kitu, kiangazi haina hatari kubwa, na ukiharibikiwa hutalala porini siku tatu bila kuona binadamu. Bodaboda zinapita, magari ya watalii yanapita, wachungaji wapo.

Naandika kwa mtu mwenye Prado, Land Cruiser, Pajero, Escudo au Defender ya zamani, anayeendesha vizuri mjini ila hajawahi kugusa kile kirungu kidogo cha pembeni ya gia, cha kuwashia foo-wili, yaani magurudumu yote manne. Mwenye RAV4 naye atafika kiangazi, watu wanafika, ila ataendesha akisikiliza mawe yakigonga tumbo la gari. Vitz na IST ziache nyumbani.

Anza na kalenda, gari baadaye

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Januari na Februari nazo si mbaya kama vuli imeisha vizuri. Machi hadi Mei usijaribu, hata kama mtu kakuambia "mvua bado".

Sababu ni makorongo. Hapa simsemi ndege korongo, nasema yale mabonde makavu yanayokata barabara, ambayo kwa miezi ni mchanga mtupu mbuzi wakilala humo. Maji yake hayatoki juu ya kichwa chako. Yanatoka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kilomita nyingi kushoto kwako. Unaweza kuwa umesimama kwenye jua kali, shati limelowa jasho, na korongo lililo mbele yako likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayobeba magogo. Jambo la pili ni udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu una nyufa na ni mgumu kama saruji. Ukilowa unajishika kwenye tairi mpaka kashata, yale meno ya tairi, zote zinajaa, na gari linateleza kama limepakwa sabuni. Foo-wili haikusaidii hapo. Inakupeleka mbali zaidi kabla hujakwama, basi.

Na mwende magari mawili. Wa kwanza akizama, wa pili anavuta. Ukikosa mwenzio, ahirisha hadi umpate. Siku za baadaye utaenda peke yako, lakini siyo mara ya kwanza.

Wiki mbili kabla: gereji

Watu wengi hupeleka gari kwa fundi Ijumaa ili wasafiri Jumamosi. Kosa hilo nimelifanya. Gari lililotoka gereji jana halijajaribiwa: kuna hosi iliyofungwa nusu, kuna nati imesahaulika, kuna spea mpya yenye kasoro ambayo itajitokeza baada ya kilomita 80. Mimi ilikuwa klipu ya hosi ya chini ya rejeta. Ilichomoka Engaruka, saa saba mchana, gari likachemsha. Tulikaa chini ya mgunga hadi jioni tukisubiri injini ipoe, maji ya kunywa yakigawanywa kati ya watoto na rejeta.

Kwa hiyo lipeleke gari kwa fundi wiki mbili kabla, halafu liendeshe kazini na nyumbani kama kawaida. Likiwa na ugonjwa, utaonekana mjini, karibu na duka la spea. Mwambie fundi aangalie rejeta na hosi zote, fenbelti, betri na vibano vyake, oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote mbili, beringi za magurudumu, bushi, boljointi, tairodi, breki na shokapu. Betri iliyolegea ni kitu kidogo sana, lakini kwenye barabara ya mawimbi itaruka, ikatike waya, na wewe ubaki unashangaa kwa nini gari limezima ghafla.

Mwombe pia akuonyeshe sehemu za kuvutia gari, mbele na nyuma. Siyo bampa. Siyo kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela. Hicho kichwa kimetengenezwa kwa kuvuta trela linalotembea, hakikutengenezwa kwa kung'oa gari la tani mbili kwenye tope. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Unachotafuta ni pete nene au ndoano iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe. Ijue kwa kuishika kwa mkono, maana siku ya shida itakuwa imefunikwa na tope.

Foo-wili: ijaribu kabla hujaihitaji

Rafiki yangu alikuwa na Pajero kwa miaka minne. Siku alipovuta kirungu kwenye mchanga, hakikusogea. Kilikuwa kimeganda kwa kutotumika.

Tafuta uwanja wa vumbi, wa mpira au wa shule siku ya Jumapili, ujifunze herufi zilizo kwenye kirungu au kitufe chako. 2H ni mwendo wa kawaida, magurudumu mawili yanasukuma. 4H ni magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, na ndiyo utakayotumia karibu njia nzima. 4L ni nguvu nyingi na mwendo wa kobe: kushuka mteremko mkali, kupanda mawe, kujitoa ulikozama. Kwenda 4L unasimama kabisa, gia unaweka huru, ndipo unavuta. Kwenye baadhi ya magari ya zamani lazima pia ushuke uzungushe kwa mkono hab, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele. Usipofanya hivyo kirungu kitakubali, taa itawaka, na magurudumu ya mbele hayatafanya kazi yoyote.

Kama gari lako lina 2H, basi usiweke 4H kwenye lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa. Kwenye vumbi tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo, lakini kwenye lami haina pa kwenda ila kwenye vyuma vyako. Utasikia usukani unakaza na gari linagoma kama punda.

Matairi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nikihesabu safari zangu zote, tairi ndilo lililonisumbua kuliko injini, na tairi hilo hilo ndilo lililoniokoa.

Kwanza umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na raba iliyokauka. Likunje kwa kidole gumba ubavuni. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino kisichopakwa mafuta, hilo ni la mjini tu.

Pili, tairi la akiba. Lishushe, lipime upepo, liangalie kama umri wake ni wa gari lilipotoka Japani. Halafu fanya kitu ambacho watu hucheka nikiwaambia: badilisha gurudumu moja hapo nyumbani, mwenyewe, kwa jeki na spana zilizomo ndani ya gari. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua nati zangu zilikuwa zimekazwa kwa mashine ya upepo na vijana wa pancha. Nilisimama juu ya spana kwa miguu miwili, kilo themanini na kitu, nikirukaruka, mke wangu akiniangalia dirishani. Nati haikutikisika. Jioni ile nilinunua bomba la chuma la kama mita moja la kuchomeka kwenye mkono wa spana, nami silitoi ndani ya gari hadi leo. Sasa fikiria ungeligundua hilo Natron, nyuzi joto karibu 40, mchanga ukikuchoma magoti.

Na jeki yenyewe: ukiiweka kwenye mchanga haipandishi gari, inajizika. Kata kipande cha ubao mgumu, kama sentimita 30 kwa 30, kinene, kiwe kinakaa chini ya kiti.

Tatu, upepo. Huu ndio ujuzi wenyewe. Ukipunguza upepo, tairi linalala, linakuwa refu zaidi chini na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Pia linameza mawe badala ya kuyapiga teke, na meno yako yanatulia. Gari linalokaa upepo wa 34 kwenye lami, mimi nalishusha hivi: changarawe na mawimbi, 26 hivi. Mchanga, 18 hadi 20. Likiwa limezama kabisa, 15, na hapo unaendesha taratibu bila kukata kona kali, la sivyo tairi litachomoka kwenye rimu. Vipimo hivi ni psi, ndizo namba wanazozitumia vijana wa pancha. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Mchana kipimo kitakudanganya kwa pointi kadhaa.

Ukishapunguza upepo, punguza na mwendo. Tairi laini linalokimbizwa kilomita 80 kwa saa linapata joto ubavuni na kupasuka. Maana yake ni kwamba lazima uwe na pampu ya kurudishia. Zile pampu ndogo za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari huwa zinakata pumzi kwa tairi la pili. Nunua ya kubana kwenye betri moja kwa moja. Na ununue kipimo chako cha upepo, maana kipimo cha kituo cha mafuta hakiendi nawe porini.

Vitu vya kubeba

Koleo, lenye mpini mrefu kuliko unavyodhani. Kamba ya kuvutia, siyo waya wa chuma na siyo kamba ya katani, pamoja na pingu mbili za chuma za kuunganishia kamba na gari, zilizoandikwa uzito zinaoweza kuhimili. Vibao viwili vya kuweka chini ya tairi. Vya plastiki vya dukani ni vizuri, lakini mikeka ya sakafu ya gari imetoa watu wengi. Spea za kubeba ni fenbelti, fyuzi za kila rangi, klipu za hosi za saizi mbalimbali (nimeshasema kwa nini), oili lita mbili, waya wa kufungia, solotepu ya umeme, gundi ya chuma. Tochi ya kuvaa kichwani. Glovu za ngozi. Kisanduku cha huduma ya kwanza chenye bandeji pana, dawa ya kusafishia jeraha, ya maumivu, ya kuharisha, na chumvi za kuongezea maji mwilini. Kizimamoto, chenye presha, siyo kile kilichowekwa ili trafiki aone.

Kila kizito kifungwe. Jeki iliyolegea nyuma ya kiti cha mtoto ni nyundo inayosubiri korongo la kwanza. Na usipakie vizito juu ya kapu la paa, kwa sababu gari litayumba kwenye mteremko wa ubavu na wewe hujazoea kulisikia linavyoyumba.

Mafuta, maji, pesa na mtu wa nyumbani

Jaza tangi Mto wa Mbu, hata kama ulijaza Arusha. Hesabu yako usiifanye kwa ulaji wa lami. Gari la petroli linalokwenda kilomita 9 au 10 kwa lita kwenye lami, kwenye mchanga na gia ndogo litakwenda 5. Kwenda na kurudi ni kilomita 240, ongeza 60 za kuzunguka ziwani na kwenye maporomoko ya maji: 300. Gawa kwa 5, lita 60. Weka akiba ya robo, lita 75. Kama tangi lako halifiki hapo, beba dumu la chuma la lita 20. Vijijini utakuta petroli ya bodaboda kwenye chupa. Ni ya kukuokoa, siyo ya kuipangia safari, na mwenye dizeli asiitegemee hata kidogo.

Maji ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku. Ngare Sero ipo chini bondeni, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Arusha huwa hajui atakunywa kiasi gani mpaka afike. Weka dumu jingine la lita 20 kwa ajili ya gari, na usiruhusu mtu yeyote anawe nalo miguu.

Njiani kuna mageti ya kulipia, siyo moja. Beba fedha taslimu na pia salio kwenye simu, na kila risiti ihifadhi hadi umerudi, maana utaulizwa. Mtandao wa simu unapatikana vijijini na kukatika katikati. Pakua ramani kabla. Mwachie mtu nyumbani ujumbe wa maandishi: njia gani, magari gani, tunalala wapi, tukifika tutapiga, na saa ngapi ya siku gani aanze kuhangaika. Hiyo saa ndiyo muhimu. Bila hiyo atahangaika mapema mno, au asihangaike kabisa.

Barabarani: jifunze kushuka

Toka Mto wa Mbu kabla ya saa tatu asubuhi. Mwisho wa lami simama, shusha upepo hadi 26, weka 4H. Dole gumba zikae nje ya usukani, siyo ndani. Tairi likigonga jiwe usukani unazunguka ghafla, na mikono yake inaweza kuvunja dole gumba.

Baada ya Selela utakutana na mawimbi, udongo uliojipanga kama bati la paa. Madereva wa zamani watakuambia kimbiza, ukifika 80 utaelea. Ni kweli unaelea, na ndiyo shida: tairi linagusa vilele tu, breki hazishiki, na ng'ombe wanavuka. Mimi naenda 40, upepo chini, navumilia. Shokapu zako zitapata joto. Kila saa moja simama dakika kumi, na mkono uzungushe kwenye nati za magurudumu, betri na mizigo.

Ukifika Engaruka, kama una saa mbili za ziada, yapo magofu ya vijiji vya kale vyenye mifereji ya umwagiliaji na matuta ya mawe, kazi ya wakulima wa karne nyingi zilizopita. Nawapeleka wageni huko kwa sababu mbili: ni pa kuona, na injini inapoa.

Kisha makorongo. Kila korongo, la kwanza na la ishirini, simama, zima gari, shuka, vuka kwa miguu. Tazama upande wa pili njia inatokea wapi, maana mara nyingi haitokei ulikodhani. Piga kisigino mchangani uone kunazama kiasi gani. Angalia ukingo wa kuingilia: bampa yako itagusa? Ukingo wa kutokea: mkia utaburuza? Kama kuna jiwe katikati, usilipitishe chini ya gari. Lipandishe tairi, kwa sababu tairi likipanda linainua gari, na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ndiyo iliyoning'inia chini kuliko vyote uvunguni. Kushuka ukingo, 4L, gia namba moja, miguu yote sakafuni, acha injini ishike. Kama kuna maji yanayotembea na yanazidi goti lako, hakuna safari leo. Kaa kivulini. Maji ya makorongo haya hushuka haraka kama yalivyopanda, na saa tatu za kusubiri ni bei rahisi. Mkonga wa Land Cruiser, ule wa kuvutia hewa juu ya paa, unasaidia injini isinywe maji. Hauzuii gari kubebwa.

Utahitaji kuuliza njia. Salimia kwanza, halafu chagua swali. Ukiuliza "panapitika?" utaambiwa panapitika, kwa sababu yeye anafikiria pikipiki yake, au miguu yake, au hataki kukuvunja moyo. Nilijifunza kwa mzee mmoja karibu na mlima Kerimasi.

"Shikamoo mzee. Hapa mbele panapitika?"

"Marahaba. Panapitika vizuri."

"Gari la mwisho lilipita lini?"

Akafikiri. "Gari? Kabla ya mvua."

Tangu siku ile nauliza gari la mwisho lilipita lini, lilikuwa gari gani, na lilirudi kwa njia ipi. Ukiweza kusalimia kwa Kimaasai, "supai" kwa mwanaume na "takwenya" kwa mama, utajibiwa "ipa" na "iko", na majibu yanayofuata huwa marefu zaidi. Picha usipige bila kuomba. Kwenye kundi la mifugo simama kabisa, usipige honi. Mchungaji ni mtoto, na ng'ombe mmoja akiingia uvunguni mwa gari lako ni hasara ya familia nzima.

Chini ya Lengai vumbi linabadilika. Linakuwa la kijivu, laini kama unga wa sembe, mabaki ya majivu ambayo mlima huu hutapika. Mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulikuwa wa mwaka 2007 hadi 2008. Ndio mlima pekee duniani unaotoa leo lava ya jamii ya magadi, nyeusi ikitoka, nyeupe ikishanyonya unyevu. Wewe shughulika na filta yako ya hewa: itoe jioni, igonge gonge kwenye tairi, irudishe. Mwachie wa mbele nafasi ya dakika mbili, la sivyo unaendesha ukiwa kipofu na injini inakula vumbi lake.

Hapo kwenye unga, na kwenye mchanga wowote, shusha upepo hadi 20 kabla hujaingia. Gia namba mbili au tatu, mwendo ule ule, mguu haupapasi. Breki usiiguse, ukiachia mafuta gari litasimama lenyewe. Ukisikia linazidi kuwa zito, usikanyage kwa hasira. Simama, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, ambako mchanga umeshashindiliwa, uanze upya.

Magadi ya ukingo wa ziwa

Ukiwa Ngare Sero utaona ziwa linang'aa mbali, na kati yako na heroe, wale ndege flamingo, kuna uwanja mweupe, tambarare, mgumu, mzuri kuliko barabara yote uliyopita. Usiingie na gari.

Mwenzangu aliingia. Alikuwa na Prado, tulikuwa tumefika salama, tumeshapata ujasiri wa bandia unaokuja ukishafika. Mita hamsini za kwanza gari lilikwenda kama lipo uwanja wa ndege. Halafu ikasikika sauti, nisemeje, kama sahani inayovunjwa ndani ya kitambaa. Lile ganda jeupe lina unene wa vidole viwili, chini yake ni tope jeusi linalonuka yai bovu. Magurudumu ya mbele yakapotea hadi nusu. Naye, kama kila mtu, akakanyaga mafuta. Dakika moja baadaye gari lilikuwa limekaa kwa tumbo.

Ilituchukua saa tano. Ziwa hili ni la magadi makali. Tope lile likikaa kwenye ngozi linawasha, na mikwaruzo ya mikononi ilinifundisha sababu ya kubeba glovu. Egesha kwenye majani, tembea kwa miguu ukiwa na kijana wa kijijini anayejua pa kukanyaga.

Ukikwama

Zima gari. Watu wanywe maji. Halafu tazama kimekushika nini: magurudumu peke yake, au tumbo limekaa? Kama tumbo limekaa, hakuna kuvuta hadi uchimbe uvungu, kwa sababu unavuta gari na ardhi pamoja. Chimba mbele ya kila tairi mteremko mrefu, wa mita nzima, siyo shimo. Shusha upepo hadi 15. Vibao vichomekwe chini ya tairi, 4L, gia namba mbili, mafuta kidogo kidogo. Tairi likizunguka bila gari kusogea, acha hapo hapo. Kila mzunguko ni koleo kumi za ziada.

Ikibidi kuvuta, kamba ifungwe kwenye zile pete za chesisi ulizozishika kwa mkono gereji, magari yote mawili. Katikati ya kamba tupia blanketi au koti zito, ili ikikatika ianguke chini. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba, watoto wawe upande wa ubavu na wameshikwa. Anayevuta aanze taratibu hadi kamba ikaze, ndipo aongeze. Wavutwaji wengi hukosea kwa kutofanya chochote: anayevutwa naye aweke 4L na asaidie.

Usiku ukiingia bado umekwama, laleni. Kuchimba gizani ndiko watu wanakojeruhiwa.

Kurudi

Barabara ya kupanda ukingo kuelekea Sale na Loliondo itakuita. Inaonekana tu pale mbele, ikijikunja juu ya jabali. Mara ya kwanza iache, rudi ulikotoka; njia uliyoipita jana unaijua, na makorongo yake umeshayatembea kwa miguu.

Mto wa Mbu, kabla ya kugusa lami, rudisha upepo hadi 34 na toa 4H. Kaza nati za magurudumu. Kisha lipeleke gari kwa vijana wa kuosha, uwaambie waanzie chini: uvunguni, ndani ya matao ya magurudumu, juu ya chesisi, waoshe mpaka maji yanayodondoka yawe meupe. Magadi na chuma havipatani, na majivu ya Lengai yakikaa kwenye kona za chesisi hunyonya unyevu mwezi mzima. Itachukua kama saa moja. Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza zile ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, na kivuli kipo.